Natafuta riwaya ya Kiswahili yenye kasri, binti mfalme na mapenzi. Au hazipo?

#1 Nunu wa Makorora
Wakuu habari za jioni.
Ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na Hurrem nimeimaliza mara ya pili. Za Kikorea za enzi za wafalme nazo nimezimaliza, Jumong siitaji maana hata mtoto wa jirani anaijua. Sasa macho yamechoka na bando limenishinda, nataka kusoma.
Nataka riwaya. Iwe na kasri, iwe na mrithi wa kiti, iwe na msichana ambaye mama mfalme hamtaki hata kumwona, na barua inayopitishwa usiku na kijakazi. Kwa Kiswahili, si tafsiri ya mashine.
Jumamosi nimemuulizia kijana anayetandaza vitabu chini karibu na stendi. Akanipa Kusadikika. Nimekisoma chote nikisubiri mapenzi yaanze. Nasubiri mpaka sasa.
Wafalme tulikuwa nao, masultani tulikuwa nao. Hivi tulishindwaje kuwaandikia riwaya za mahaba?

#2 Kichwa Maji
Kusadikika hahahaha. Yule kijana akukome. Mfalme yumo, mawaziri wamo, lakini ni kesi mwanzo mwisho. Karama anajitetea kizimbani siku sita, wewe unasubiri ashikwe mkono 😂

#3 Mwalimu Chaki
Nunu, kijana hakukosea sana, ameteleza kitabu kimoja tu. Rudi kwa Shaaban Robert huyohuyo, chukua Adili na Nduguze. Kuna Mfalme Rai wa Ughaibu, kuna Adili ambaye ni mtawala wa Janibu, na kuna siri: kila usiku anawatoa manyani wawili na kuwachapa. Mjumbe wa mfalme aliyekwenda kudai kodi, Ikibali, ndiye anayegundua. Kutoka hapo hadithi inarudi nyuma, na huko nyuma ndiko aliko Mwelekevu, binti mfalme ambaye Adili anamkuta katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Yeye peke yake ndiye mzima. Ndugu zake Adili wakamwona, basi, husuda ikafanya kazi yake.
Sisemi zaidi. Ni kitabu chembamba, unakimaliza jioni moja.

#4 Teja wa Vitabu
Mwalimu shikamoo. Nakubali pendekezo, ila tusimdanganye dada. Kisa hicho asili yake ni Alfu Lela Ulela, kile cha liwali wa Basra na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawapa majina yake, akamwaga na Kiswahili chake juu. Kazi nzuri sana, lakini mwenye swali anauliza kwa nini SISI hatukuandika wafalme WETU.
Na mapenzi yaliyomo ni ya adabu mno. Mwelekevu anapendwa kama mtu anavyopenda mtihani alioufaulu.

#5 Mwalimu Chaki
Marahaba Teja. Kuazima si dhambi. Ukikataa vyote vilivyoazimwa pwani hii, kabatini kwako utabaki na panya.

#6 Dereva wa Usiku
Kasri ya Mwinyi Fuad vipi? Kasri ipo mpaka kwenye jina.

#7 mwanaMtoni
Yakhe Dereva, umekisoma au umekiona jalada? Mwinyi Fuad si mfalme, ni bwanyenye mwenye mashamba, na kitabu chenyewe Adam Shafi kakiandika kumvua nguo. Mle anayestahili kupendwa ni Kijakazi, na anavyofanywa mle ndani hata kulia hulii, unatafuta jiwe.

#8 Dereva wa Usiku
Nimeona jalada 🙏

#9 mwanaMtoni
Shoga Nunu, sasa nisikilize mie. Unahangaika na riwaya wakati hapa Unguja kisa chenyewe kilitokea kweli, na binti mwenyewe kakiandika kwa mkono wake.
Sayyida Salme binti Said. Kazaliwa 1844 Bet il Mtoni, kasri ya babake Sultani Sayyid Said, nami nimekulia mawe mawili matatu kutoka kwenye yale magofu. Mamake Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Wakati ule watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana, basi yeye kajifundisha mwenyewe kwa siri, ananakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kakua, akahamia mjini. Nyumba ya jirani kapanga mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Sakafu ya juu ya yule bwana iko chini kidogo ya dirisha la Salme. Maliza mwenyewe.
1866 akatoroka kwa meli ya Kijerumani usiku. Akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana. Kumbukumbu zake zimetoka Berlin 1886. Kuna tamthilia gani ya Kituruki inafika hapo?

#10 Nunu wa Makorora
Nimesimamisha kupika. Endelea.

#11 Hamburg Mbali
Salamu kutoka huku kwenye baridi. mwanaMtoni umesimulia vizuri, sahihisho moja: meli haikuwa ya Kijerumani. Ilikuwa manowari ya Kiingereza, HMS Highflyer, ikampeleka Aden. Huko ndiko alikojifungua mtoto wa kwanza, na huko ndiko alikobatizwa na kufunga ndoa 30 Mei 1867. Mtoto yule hakufikisha hata mwaka.
Na kwa Nunu: ukikitafuta kile kitabu, usikitafute kwa ajili ya mahaba. Mimi nilikisoma nikitarajia hayohayo unayotarajia wewe. Utapata vyakula vya kasri, mavazi, jinsi watoto walivyopandishwa farasi, ugomvi wa ndugu, dawa na mazinguo. Huyo Heinrich anapita haraka haraka kama mgeni aliyekuja kuazima kiberiti. Mimba haitajwi kabisa. Mwanamke alikuwa anaandika mbele ya wanawe, na mbele ya Wajerumani waliokuwa wakimtazama kama kitu cha maonyesho. Aliyajua ya kufunika.

#12 Kichwa Maji
Kwa hiyo kisa cha mapenzi kikubwa kuliko vyote pwani hii, na mwenyewe kakiruka. Tumekwisha.

#13 mwanaMtoni
Nimesahihishwa, meli ya Kiingereza. Shukran. Lakini huko kufunika ndiko mapenzi ya kwetu. Wewe unataka akuandikie nini, walivyoshikana viganja?

#14 Bukoba Original
Samahanini, ni lazima tuite mapenzi? Binti wa Sultani ana mimba nje ya ndoa, na mwanamume si Mwislamu. Akibaki, sheria iko wazi na ndugu wako wazi. Kukimbia hapo ni kuokoa roho. Mapenzi tumeyaongeza sisi, baada ya kumwona kwenye picha amevaa zile suruali za marinda na vito.

#15 Hamburg Mbali
Hilo linabishaniwa hata huku. Ila ruhusa nikuulize: mume alifariki 1870 kwa ajali ya tramu. Ndoa ya miaka mitatu tu. Mjane wa miaka 25, watoto watatu wadogo, lugha ngeni, fedha inapukutika. Kwa hesabu ya kuokoa roho, siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kurudi kuomba msamaha. Hakurudi.

#16 Bukoba Original
Arudi kwa nani?

#17 mwanaMtoni
Hapo Bukoba umegusa penyewe. Mwaka huohuo 1870 Sayyid Majid, kaka yake aliyekuwa Sultani, naye kafariki. Majid ndiye aliyekuwa mpole kwake. Akashika kiti Barghash. Na Barghash na Salme wana yao ya zamani: 1859 Barghash alipotaka kumpindua Majid, aliyekuwa karani wa njama ni huyu binti, kwa sababu anajua kuandika. Yule mfupa wa ngamia, umeona? Kamsaidia kaka mmoja dhidi ya mwingine, uasi ukashindwa, yeye kasamehewa na aliyemkosea. Miaka inapita, 1885 anakuja Unguja na manowari za Kijerumani, yupo bandarini, mji anauona, na aliyemwandikia barua za njama hataki hata kumpokea.
Nunu, hapo weka hata wimbo.

#18 Ngosha Msomaji
Huo ni mkasa wa ndugu, si wa mapenzi. Mzuri zaidi kuliko wa mapenzi.
Narudi kwenye swali la msingi. Mimi naona jibu ni siasa. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu 1963. Januari 1964 Zanzibar ikamwondoa Sultani. Waandishi wetu wakubwa wanaanza kutoa riwaya miaka ya sitini na sabini, wakati ambao neno "kabaila" ni tusi. Nani angepeleka mswada kwa mchapishaji, shujaa wake ni mtoto wa sultani mwenye macho ya kurembua? Mfalme alikuwa anaruhusiwa kuingia kitabuni kwa mlango mmoja tu: aje apinduliwe au apigane na Mjerumani.

#19 Kichwa Maji
Na wakati huohuo rais mwenyewe ni mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Siasa hiyo ilikuwa inamkwepa vipi?

#20 Ngosha Msomaji
Ndiyo maana aliwafuta kwa utulivu, alikuwa anawafahamu kutoka jikoni.

#21 MombasaRaha
Niaje watu wangu. Naona uzi umetekwa na Bara na Unguja, wacha Kenya iingie. Ngosha, hoja yako ya siasa haiwezi kueleza kwetu. Sisi hatukuwa na ujamaa, na bado hizo riwaya hatuna. Mimi nasema hivi: mapenzi ya kifalme Kiswahili kiliyaweka kwenye ushairi karne nyingi kabla ya riwaya kuingia. Mnatafuta samaki darini.
Mchukueni Fumo Liyongo. Wa ukoo wa kifalme, jitu la miraba minne, mshairi, anagombana na mfalme wa Pate juu ya kiti. Anafungwa. Kijakazi wake Saada anamletea mkate wa wishwa, ndani mama ametia tupa ya kukata minyororo. Nunu ulitaka kijakazi anayepitisha kitu? Huyo hapo! Na ule utumbuizo wa Mwana Manga unaonasibishwa na Liyongo, mwanamke anasifiwa kutoka utosini hadi unyayoni, kiungo baada ya kiungo. Hurrem hajawahi kusifiwa hivyo na Suleiman wake.

#22 Mama Zuwena
Na mwisho wake usiufiche mwanangu. Mfalme alimrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe. Muulize babako kinachomuua ni nini, ukimuua nakupa cheo na binti yangu nakuoza. Kijana akauliza, baba akajua anasalitiwa lakini akamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Akadungwa amelala. Basi mahari ya binti mfalme ilikuwa kitovu cha baba. Bibi yangu alikuwa akifika hapo anazima taa, hataki tumwone uso.
Na kijana hakuoa. Aliugua akafa.

#23 Nunu wa Makorora
Mama Zuwena shikamoo. Hapo kwenye mahari nimepata baridi.
Lakini hebu angalieni: huyo binti mfalme wa Pate hana jina, hana neno hata moja. Ameahidiwa kama shamba. Mimi nataka riwaya yake YEYE. Amekaa dirishani, anasikia kuwa ataolewa na mtu aliyemuua baba yake mwenyewe ili ampate.

#24 Mama Zuwena
Marahaba. Andika wewe basi, sisi tumeshaota mvi.

#25 Teja wa Vitabu
MombasaRaha hoja ya ushairi ni tamu lakini ina tundu. Waarabu walikuwa na ushairi kutuzidi, Waajemi hivyohivyo, na wamejaza riwaya za makasri. Ushairi haujawahi kumzuia mtu kuandika riwaya.
Sababu ni duka. Mchapishaji wa Kiswahili anaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kisipoteuliwa kufundishwa, nakala zinalala stoo. Sasa niambie, jopo gani litapitisha riwaya ya kidato cha tatu ambamo mwana wa mfalme anaruka ukuta wa harimu? Mwandishi anajua hilo kabla hajashika kalamu, kwa hiyo anaandika rushwa, ukimwi, na mabinti waliokatishwa masomo. Naheshimu mada hizo zote. Nimezisoma mpaka nikawa naota maswali ya "Jadili dhamira".

#26 Mwalimu Chaki
Miaka ishirini na mbili nimesahihisha hayo majibu ya "Jadili dhamira", Teja. Nina haki ya kuota kuliko wewe.

#27 Ngosha Msomaji
Niongeze jingine, halipingani na la Teja. Watemi wetu walikuwa karibu mno. Ili upate mahaba ya kifalme unahitaji umbali, ukuta, geti, mlinzi mwenye mkuki. Sisi mtemi alikuwa na ng'ombe wanaopita kwenye viazi vyako, unamfuata unamlalamikia.
Bibi mzaa baba aliolewa kwenye nyumba ya mtemi, mke wa nne. Nilipokuwa chuo nikamwekea simu nimrekodi, nikamuuliza: bibi, mlipendanaje na babu? Akanyamaza. Akaniuliza kama nimekula. Nikarudia swali. Akasema, "Nilikuta jembe langu limeshatiwa mpini." Mpaka leo sijui kama lile ni jibu la mapenzi au ni jibu la kilimo.

#28 Mama Zuwena
Ni la mapenzi. Mwanamume anayekutilia mpini kabla hujaomba, kaa naye.

#29 Dereva wa Usiku
Hilo la jembe nimemsomea abiria hapa, kacheka mpaka kasahau kushuka.

#30 Bukoba Original
Kwa kuwa tumefika kwa watemi. Nunu, tafuta Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Mwandishi alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Ukerewe. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, akahangaika miaka na miaka bila mchapishaji, mpaka akakitia Kiswahili mwenyewe kikatoka 1980. Na cha ajabu: mtu wa ukoo wa watawala, badala ya kuandika kasri, akaandika mke na mume wa kawaida ambao hawajaliwi mtoto. Wakwe wanamnyang'anya Myombekere mke wake, na ili arudishiwe anatozwa pombe ya ndizi. Mtu anahangaika kutafuta ndizi, anatafuta watu wa kumsaidia kukamua, kurasa kwa kurasa, yote kwa ajili ya mwanamke mmoja. Hakuna sehemu inasema "nakupenda". Ukifika mwisho unajua hakuna aliyependa kama yule.

#31 Teja wa Vitabu
Naunga mkono kwa mikono miwili. Ila aonywe: ni kinene, na mwandishi akianza kueleza jinsi ya kufanya jambo hakuachii mpaka ulijue.

#32 Nunu wa Makorora
Kasri hamna?

#33 Bukoba Original
Kasri hamna. Migomba ipo.

#34 MombasaRaha
Ukitaka mwongozo wa ndoa ya wakubwa kwa shairi, kuna Utendi wa Mwana Kupona, 1858. Mumewe Bwana Mataka ndiye mtawala wa Siyu aliyewasumbua majeshi ya Sayyid Said. Mke anaumwa, anamwandikia binti yake namna ya kukaa na mume.

#35 mwanaMtoni
Tulifundishwa na nyanya. Mume akilala usimwamshe, mpepee. Ndugu yangu, Nunu kaomba mahaba, wewe unampelekea kazi za nyumbani.

#36 Kichwa Maji
😂😂 Kasri haina feni.

#37 Hamburg Mbali
Naomba niingize neno gumu kidogo, mtanisamehe. Hapa mjini 2019 kuna uwanja mdogo ulipewa jina la Emily Ruete. Haukukaa nalo. Watu walikisoma kitabu chake wakaonyesha sehemu anapotetea utumwa, kukawa na ubishi mkali, baraza la wilaya likaamua jina liondolewe.
Nadhani hii ndiyo sababu nyingine riwaya hizo hazipo Kiswahili, na hakuna aliyeitaja. Ukiandika mahaba ndani ya kasri ya Unguja ya mwaka 1860, anayeleta kahawa ni mtumwa. Anayepepea ni mtumwa. Mama wa binti mfalme mwenyewe alinunuliwa akiwa mtoto. Soko la watumwa pale mjini limefungwa 1873. Msomaji wa Kiswahili anajiuliza: babu yangu kwenye hadithi hii alikuwa nani? Mara nyingi jibu si mwana wa mfalme.

#38 Kichwa Maji
Mzito huu.

#39 Nunu wa Makorora
Umenigusa. Mimi babu mzaa mama tunaambiwa tu "alitoka bara", basi, hapo mazungumzo yanakatwa.
Ila nikubishie kidogo. Hurrem naye alikuwa mtumwa, alitekwa akauzwa. Na wote tunamshangilia, mama yangu alikuwa anampigia makofi kwenye kochi. Mbona kule haitusumbui?

#40 Hamburg Mbali
Kwa sababu kule si babu yako anayeleta kahawa.

#41 mwanaMtoni
Mie hapo nasimama katikati. Unguja hii ukimuuliza kila mtu asili yake, nusu ya jibu ni kasri na nusu ni soko, ndani ya mtu mmoja. Watoto wa Sayyid Said wote waliobaki hai wakati anafariki 1856 walikuwa wa masuria. Wote! Majid, Barghash, Salme, Khalifa. Kiti chenyewe kilikaliwa na wana wa mama walionunuliwa. Ukikwepa kuandika kwa sababu ya utumwa, unamkwepa na huyo mama. Jilfidan naye ana haki ya riwaya.

#42 Ngosha Msomaji
Binti wa Pate hana jina, Jilfidan hana riwaya. Nunu uzi wako unazaa vitabu.

#43 Mwalimu Chaki
Nirudi nyuma kidogo kwa wale wanaosema hadithi za ndoa za kifalme hatuna. Historia ya kale ya Kilwa inasimulia Mshirazi aliyefika kisiwani na kukinunua kwa nguo za kukizunguka, na katika masimulizi ya Kiswahili anamwoa binti wa mwenyeji, Mrimba. Mtoto wao ndiye anayerithi pande zote mbili. Wanahistoria wanabishana kuhusu hao Washirazi kama walikuwa wageni kweli au ni jina la heshima tu. Nyaraka hazinijalishi hapa. Ninachosema ni kwamba watu wa Kilwa walipotaka kueleza mji wao umeanzaje, walianza na harusi.

#44 Bukoba Original
Harusi au mkataba wa ardhi?

#45 Mwalimu Chaki
Kwani ya kwako ilikuwa nini?

#46 Bukoba Original
Mwalimu 😂 nimenyamaza.

#47 Dereva wa Usiku
Jamani mnasema hazipo, zipo! Ziko kwenye simu. Mimi nasoma hadithi za kwenye magrupu usiku nikiwa kijiweni. Kuna moja ilikuwa ya mwana wa mfalme anayejifanya dereva wa bodaboda ili apate mke anayempenda bila cheo. Sehemu kumi za kwanza bure, zilizobaki unalipia elfu mbili unaunganishwa kwenye grupu. Nimelipa. Tumefika sehemu ya 17, binti kagundua pete, kashika mlango, "ITAENDELEA". Mwandishi akatoka kwenye grupu. Mwaka wa pili huu.

#48 Kichwa Maji
Mwana wa mfalme anayejifanya bodaboda, na wewe ndiye bodaboda. Ulikuwa unajisoma.

#49 Dereva wa Usiku
Mimi naendesha bajaji. Tuheshimiane.

#50 Teja wa Vitabu
Dereva kaleta hoja kubwa kuliko sisi wote, naifuta theluthi ya hoja yangu ya #25. Soko lipo, wasomaji wapo na wanalipa. Lakini hizo hadithi nimezipitia kadhaa: majumba ya kifalme yaliyomo ni ya filamu za Kinaijeria. Kiti chenye manyoya, "mtukufu mfalme", mtabiri mwenye chaki usoni. Si Pate, si Kilwa, si Ukerewe. Tumekubali kupenda wafalme wa jirani kwa sababu wa kwetu hatujui walikaa kwenye kiti gani.

#51 MombasaRaha
Kwa hiyo sababu ni ujinga wa historia? Hiyo ni ya sita sasa, mimi nilikuwa nahesabu.

#52 Teja wa Vitabu
Hesabu tu. Na yako ya ushairi bado siikubali.

#53 MombasaRaha
Na yako ya stoo nimeona umeifuta theluthi mwenyewe.

#54 Ngosha Msomaji
Kwa anayetaka kisa cha kweli nje ya pwani, atafute habari za Seretse Khama wa Botswana. Mrithi wa kiti cha Bamangwato, anasoma London, anamwoa Ruth Williams, karani Mzungu, 1948. Ami yake anakataa, Waingereza wanamfukuza nchini mwake wakiiogopa Afrika Kusini, miaka inapita, anarudi raia wa kawaida, kisha 1966 anakuwa rais wa kwanza. Filamu ipo. Yule hakukimbia na wala hakuficha.

#55 mwanaMtoni
Mwanamume anaweza kurudi na mke mgeni, akawa rais. Salme alirudi na watoto, akaonyeshwa mlango. Naweka hapa tu, sisemi kitu.

#56 Hamburg Mbali
Nilikwenda Ohlsdorf majira ya joto yaliyopita. Makaburi yale ni makubwa mpaka mabasi ya mji yanapita ndani. Amezikwa na mumewe, miaka 54 baada yake, maana yeye alifariki Jena 1924. Na alizikwa na kifuko cha mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza. Bukoba, sitaki kukubishia tena. Nilisimama pale, nikaona wewe una hoja na mimi nina hoja, na wote hatukuwepo.

#57 Nunu wa Makorora
Asanteni wote. Ripoti: nimempata yule kijana wa stendi, Adili na Nduguze nimechukua shilingi elfu tatu, nakala imekatika jalada. Nimefika kwenye manyani. Mwalimu, wanatia huruma!
Cha Kitereza kijana anasema hajawahi hata kukisikia. Mwenye nacho Tanga hii aniazime, nitarudisha na halua.

#58 Mwalimu Chaki
Usiwahurumie kabla hujafika mwisho.

#59 Bukoba Original
Ninacho, lakini Mwanza. Ukipata wa kumwamini kwenye basi nitampa. Halua nimeisikia.

#60 Dereva wa Usiku
Mimi nimeamua, ile ya Nunu naianza mwenyewe hapa hapa, msicheke.
"Usiku ule Pate hapakulala mtu. Binti wa mfalme alikuwa dirishani, ushungi umemteleza mabegani, aliposikia chini ya ukuta sauti ya mwanamume akilia. Akachungulia. Mkononi mwa yule kijana kulikuwa na sindano ya shaba, na alikuwa anaisugua kwenye mchanga, anaisugua, lakini..."

#61 Mama Zuwena
Eeh? Lakini nini?

#62 Nunu wa Makorora
DEREVA.

#63 Dereva wa Usiku
Nimepata abiria wa Kange. Itaendelea.

#64 Kichwa Maji
Namba ya kulipia elfu mbili ni ipi?